Sukari Iliyofungwa Ndani ya Makapi

Mabibi na mabwana, kilo moja ya makapi makavu ya miwa ina takriban gramu 400 za selulosi, na selulosi ni glukosi tupu iliyoungwa mnyororo mrefu. Lakini yatieni makapi hayo hamira hata mwezi mzima, hamtapata tone la pombe. Hamira haili selulosi, na selulosi yenyewe imefungwa ndani ya hemiselulosi, yaani minyororo ya sukari nyingine, na lignini, gundi ngumu ya mmea.

Kazi kubwa, basi, ni mapishi. Saga makapi yawe vipande vya milimita chache, loweka kwenye asidi ya salfuriki ya asilimia 1, kisha pika kwa nyuzijoto 160, dakika 10 hadi 20, ndani ya chombo cha shinikizo kisicholiwa na asidi. Hemiselulosi itayeyuka, nyingi ikitoka kama zailosi, sukari tofauti na glukosi. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Ukipika pungufu, vimeng'enya vya kuvunja selulosi baadaye havipati pa kupenya. Ukizidisha, zailosi hugeuka furfurali, kemikali yenye harufu ya lozi. Chombo kikishapoa na kufunguliwa, harufu hiyo ikikupiga puani, jua sukari imeungua, tena imekuwa sumu kwa hamira. Usiinamie mvuke huo.

Osha masalio, ila tafadhali msiyakaushe! Vitundu vilivyofunguka vikikauka hujifumba, na kuloweka tena hakuvirudishi vyote. Maji ya kuoshea yana zailosi. Hamira ya mkate haiichachushi, yanataka chachu nyingine, kama Scheffersomyces stipitis.

Sasa changanya masalio na maji, rekebisha pH, kipimo cha uasidi, iwe kati ya 4.8 na 5, tia selulasi, kimeng'enya kinachovunja selulosi, koroga kwa nyuzijoto 50 saa 48 hadi 72. Kasi ikifa mapema, mara nyingi selobiosi, yaani glukosi mbili zilizobaki zimeungana, imerundikana; ongeza beta-glukosidasi, kimeng'enya cha kuzitenganisha. Halafu poza hadi 32 ndipo utie hamira. Vyombo vikiwa vichafu, bakteria wa maziwa lala watakula sukari yako na kukuachia uchachu.

Selulosi ikivunjika kwa asilimia 80, zile gramu 400 hutoa glukosi gramu 355. Hamira ikifanya kazi vizuri, hiyo ni ethanoli gramu 160 hivi. Masalio, kwa hesabu ya uzito mkavu, yakiwa asilimia 10 tu ya mchanganyiko na maji, pombe haifiki asilimia 3, na kuikeneka hula kuni nyingi mno. Lengeni asilimia 15, mpate pombe ya asilimia 4. Msiyamwage yote pamoja, maana uji mzito haukorogeki: anzeni na asilimia 8, na kila uji unapolainika mwongeze kidogo.