Matone ya Macho na Mteremko wa Mwanga

MWAVITA: Karibuni tena, hapa Kigoma. Issa, nasikia pikipiki yako ililala kwa fundi kule mtaa wa Mwanga, na haikuwa mbovu.

ISSA: Ubovu ulikuwa wangu, da Mwavita. Unajua nina kisukari, kila mwaka nakaguliwa retina, ule utando wa nyuma ya jicho. Nikawekewa matone ya kupanua mboni. Aliyenipa miadi hakuniambia nije na mtu.

MWAVITA: Na wewe hukuuliza.

ISSA: Sikuuliza! Kama dakika 20 hivi, nafungua simu nimtumie mama watoto hela ya mawese, tarakimu zote zimekuwa mchele uliomwagika. Lakini nikitazama mbali, mwembe ule, watu wale, nawaona. Nikasema hili ni la kusoma tu, barabara naimudu.

MWAVITA: Hapo ndipo wengi wanaponasa. Dawa ya matone hayo, kama tropikamaidi, inalegeza misuli miwili. Mmoja huifanya lenzi ya jicho inenepe uone karibu, ndiyo ile simu. Wa pili hubana mboni ukitoka juani. Ukilegea huo, dirisha limebaki wazi na pazia hakuna.

ISSA: Na ilikuwa saa kumi jioni! Ule mteremko wa kwenda stesheni unashuka huku jua la ziwani linakutazama usoni. Bati zinawaka, vioo vya daladala vinawaka. Bajaji iliyokuwa mbele yangu ikamezwa na mng'ao, nikasikia breki yake kabla sijaiona. Nikageuza, nikaisukuma mpaka kwa fundi.

MWAVITA: Pole, kaka. Ulivaa miwani ya jua?

ISSA: Nilivaa. Ilipunguza makali, lakini bajaji haikurudi.

MWAVITA: Inapunguza mwanga, hairudishi uwezo wa mboni kujibana.

ISSA: Basi ningesubiri giza liingie?

MWAVITA: Weee! Taa za lori usiku na mboni iliyo wazi? Mng'ao ungekujaa macho yote. Tropikamaidi kwa kawaida huisha ndani ya saa 4 hadi 8, wengine wanavuka hapo. Macho yetu haya ya kahawia iliyokolea huchelewa kupanuka, ndiyo maana wakati mwingine unaongezewa tone. Atropini, ambayo watoto huwekewa, inaweza kukaa wiki na zaidi. Kwa hiyo uliza jina la dawa, halafu usiangalie saa peke yake. Jipime: simu unaisoma? Juani unasimama bila kukunja uso?

ISSA: Mimi nilikuja kuisoma saa mbili usiku.

MWAVITA: Na jicho likiuma sana, likawa jekundu, ukaona duara za rangi kwenye taa na kichefuchefu juu, hapo hakuna kusubiri. Rudi hospitali usiku huohuo, presha ya jicho inaweza kuwa imepanda.

ISSA: Hayo sikuyapata. Nilichopata ni bodaboda wa kijiweni kwangu, kanipeleka nyumbani kwa elfu mbili, ananiita babu njia nzima.