Kanisa la Wazee na Msimu wa Korosho: Mwaka Mmoja wa Usharika Mdogo Mtwara

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie mwaka mmoja wa usharika wa Kipresbiteri, na tangu tangazo libandikwe, watu wamekuwa wakinisimamisha njiani: "Hao nao ndio nani?" Wana haki ya kuuliza. Kusini hii ina Waislamu wengi, ina Waanglikana waliofika Masasi mwaka 1876, ina Wakatoliki wa Ndanda tangu 1906. Sisi ni wachache kiasi kwamba kwaya ikisafiri, ibada inabaki na wazee na watoto. Jina letu limetokana na neno la Kigiriki, presbyteros, yaani mzee. Hatuna askofu. Washirika huchagua wazee, wazee hao hukaa kikao pamoja na mchungaji, na mimi ndiye karani wa kikao. Ninayoyasema leo yametoka kwenye daftari langu.

Mizizi yetu ni Scotland. Mskoti mmoja mnamfahamu: Livingstone, aliyeshuka hapa Mikindani mwaka 1866 akielekea mto Ruvuma. Baada ya kifo chake Waskoti wenzake walianzisha misheni ya Livingstonia, Ziwa Nyasa, mwaka 1875. Yeye alipita mlangoni kwetu, mbegu ikaenda kuota Malawi.

Sasa mwaka wenyewe. Waskoti walipolipanga upya kanisa lao mwaka 1560, mchungaji John Knox na wenzake walipendekeza Meza ya Bwana, yaani ibada ya kushiriki mkate na divai, iandaliwe mara nne kwa mwaka: Jumapili ya kwanza ya Machi, ya Juni, ya Septemba na ya Desemba. Pasaka waliikwepa makusudi, wakichelea watu wasije wakaitumainia siku. Sisi tarehe hizo tunazifuata, ila Pasaka hatuiachi. Jaribu kumwambia mama wa kwaya wa Mtwara kwamba Pasaka haipo, uone.

Machi ni mvua na ghala tupu. Mchungaji wetu anahudumia sharika kadhaa, na mwaka juzi gari lake lilikwama kwenye tope. Mkate upo, divai ipo, wazee tumevaa tai, lakini kwa taratibu zetu mzee haruhusiwi kuiongoza Meza bila mchungaji. Tukaimba kila wimbo tunaoujua mpaka adhuhuri, tukatawanyika. Juni kuna mahindi mapya, sadaka zinaletwa kwa debe, na baada ya ibada tunanadi uani: kuku, muhogo, mkungu wa ndizi. Ndio miezi ya kupulizia mikorosho, kwa hiyo hata shati la Jumapili linanuka salfa. Ngoma za jando na unyago zikianza, shule ya Jumapili inapungua nusu. Zamani tulikuwa tunagomba. Siku hizi tunasubiri warudi.

Nataka nikae kidogo kwenye Septemba.

Zamani kule Scotland, kabla ya Meza, wazee walipita nyumba kwa nyumba. Aliyekutwa anaishi kwa amani na jirani zake alipewa kipande kidogo cha risasi (madini, jamani, si ya bunduki), akakikabidhi siku ya Meza. Sisi vipande hatutoi, lakini kupita nyumba kwa nyumba hatujaacha. Septemba moja nilifika kwa bibi mmoja mjane. Akanipa kigoda, akaniambia: "Mwanangu, safari hii msinihesabu."

Nikauliza kulikoni. Mwezi wa nane mjukuu wake alikuwa anatakiwa shuleni, pesa hakuna, na mmoja wa wazee wetu wa kanisa akamletea. Kangomba. Kwa mgeni wa mkoa huu, kangomba ni kuinunua korosho ya mtu ingali juu ya mti, kwa bei ya kutupa, kisha mnada ukifika unaiuza wewe kwa bei yake. Bibi akasema, "Siwezi kupokea mkate kwa mkono uliopokea korosho zangu." Maana mzee yule ndiye anayepitisha sahani upande wa akina mama.

Kikao tulifanya tulichokijua. Tuliandika barua. Tulinukuu maandiko. Mzee yule akajibu kwamba alimsaidia mwenye shida, na kwamba bibi alikubali kwa hiari yake. Nitasema ukweli: wawili kati yetu walikubaliana naye, na nadhani ni kwa sababu nao walikuwa na mifuko ya korosho za watu nyumbani. Oktoba mnada wa kwanza ukapita. Novemba fedha zikaanza kuingia benki, bahasha za ahadi za sadaka zikajaa kama kawaida ya msimu, na ya mzee yule ikawa nono kuliko zote. Tuipokee au tuirudishe? Daftari langu lina kurasa tatu za ubishi huo. Desemba mzee hakuja, bibi hakuja.

Waliopatana, hawakupatanishwa na sisi. Krismasi huku, wengi mnajua, ng'ombe anachinjwa na jirani Mwislamu ili pilau iliwe na mtaa mzima. Kwetu anachinja babu mmoja ambaye baraza yake inatazamana na kanisa. Mwaka ule alikishika kisu, akauliza mbona fulani na fulani hawaonekani. Tukaona haya kumweleza. Alikuwa anajua tayari. Akasema hachinji mpaka wote wawili waje wakae barazani kwake, na akatuma kijana. Walikaa humo kuanzia saa mbili hadi karibu saa sita, sufuria zikisubiri, mama wa jikoni wakinung'unika. Yaliyosemwa siyajui na sikuyauliza. Ninachojua ni kwamba mzee alitoka akaenda nyumbani, akarudi na bahasha, akampa bibi na si kanisa.

Kikao cha Januari kiliniagiza niyaandike hayo. Nilishindwa nianzie wapi, kwani baraza ya jirani haina nafasi kwenye kanuni zetu. Mwishowe nikaacha mstari mtupu. Machi nikahesabu walioshiriki Meza, wakazidi wa Desemba kwa wawili, nikaiandika hesabu hiyo chini ya ule mstari.

Chai imeshaandaliwa, naona. Karibuni na maswali yenu.