Kibomba na mpira wa kugemea meipo: nilichochagua msimu huu

Assalamu alaikum ndugu zangu wa Tanga, Pangani na popote mnaponitazama. Nipo Vermont, kaskazini-mashariki mwa Marekani, mwanzoni mwa Machi, na theluji mnayoiona nyuma yangu bado inafika magotini. Mlipouona mti wa meipo (maple kwa Kiingereza) kwenye video iliyopita, wengi mliniuliza unagemwaje ilhali hauna karara. Leo nitawaonyesha vifaa viwili tu: kibomba kinachochomekwa mtini, na mpira unaoteremsha maji yake hadi kwenye tangi.

Maji haya hutoka pale usiku unapoganda na mchana ukapata joto kidogo. Ni mepesi kama maji ya kunywa na sukari yake ni kama asilimia 2, kwa hiyo huchemshwa lita 40 hivi ili kupata lita 1 ya sharubati.

Mgema wa mnazi huchanja upya kwa kotama asubuhi na jioni, na kidonda kipya huendelea kutoa. Shimo la meipo hutobolewa mara moja kwa msimu mzima. Bakteria wakiliingia, mti huanza kuliziba, na huna ruhusa ya kulichonga tena, kwa kuwa utauumiza mti bure. Kwa sababu hiyo mimi hutazama usafi wa kibomba kabla ya bei yake.

Hiki kilicho mkononi mwangu ni cha plastiki, kipenyo chake ni milimita 8. Vile vya zamani vya kutundikia ndoo vilikuwa na milimita 11. Nimechagua kidogo kwa sababu kidonda chake hupona mapema msimu ukiisha, na mavuno hayapungui kwa kiasi cha kulalamikia. Tazameni pia ndani yake: kuna kigololi kinachocheza. Usiku mti unapoganda huvuta maji kutoka kwenye mpira na kuyarudisha tumboni mwake pamoja na uchafu wote, na kigololi hiki huziba njia hiyo. Vibomba vya namna hii vilibuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Vermont katika kituo chao cha meipo kilichoko Underhill. Hata hivyo, mimi hununua vipya kila mwaka, na hapo sibani matumizi.

Kuhusu mpira, uamuzi hutegemea ardhi. Mpira mpana wa milimita 8 hufaa mahali penye mteremko mdogo, au penye pampu ya kuvuta hewa. Shamba langu ni la mlimani na halina umeme, basi nimetandaza mwembamba wa karibu milimita 5. Ndani ya wembamba huo maji hujaa pima kwa pima, na uzito wake unaposhuka huvuta yaliyo nyuma hadi mtini. Mteremko ukishuka mita 9 au 10, mvuto huo hukaribia kikomo chake bila mashine yoyote. Lakini mti wa juu ndio unaofaidi zaidi, kwa hiyo ni vizuri sehemu kubwa ya mteremko iwe chini ya mti wa chini kabisa kwenye mpira. Mimi huunganisha miti 20 hivi kwa kila mpira.

Wembamba huo una gharama yake. Mwaka wangu wa pili maji yalikatika katikati ya msimu, nikadhani miti imechoka. Nilipokata kiungio kimoja nikakuta ute mweupe umekiziba kabisa, kwa kuwa sikuwa nimesafisha mipira msimu ulipoisha. Iliniuma sana, maana yalikuwa maji ya wiki nzima. Tangu hapo hubadilisha viungio pamoja na vibomba.

Sasa sogeeni karibu nitoboe. Mti huu una kipenyo cha sentimita 35, unastahili kibomba kimoja tu. Ninashika keekee ikielekea juu kidogo na kuingia sentimita 4. Angalieni unga wa mbao: ni mweupe wa maziwa, basi hapa pazima. Ungetoka wa kahawia, ningejua nimeangukia kovu la zamani, ambalo huenea juu na chini ya shimo na halipitishi maji tena. Sasa nachomeka kibomba na kukigonga taratibu. Mlio ukibadilika kutoka mwembamba kuwa mzito, naacha papo hapo, kwani pigo moja la ziada linaweza kuupasua mti na maji yakavuja pembeni.

Tone la kwanza hilo, ndugu zangu. Imebaki miti 19, na jua halinisubiri.