Mashine Iko, Lakini Inuka Kwanza

Asalaam aleikum. Wengi wenu mshanisikia nikilisema hili, na leo mtalisikia tena, kwa sababu wagonjwa wangu hawabadiliki: kiuno chauma mwezi wa sita sasa, mshipi wa kushikilia kiuno umekazwa hata pumzi haipiti, na swali ni lilelile, "Daktari, mashine iko?"

Iko. Lakini Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu maumivu sugu ya kiuno, yaani yaliyozidi miezi mitatu. Mashine ya mawimbi ya sauti, wamesema isiwe tiba ya kawaida. Ile ya kusisimua kwa umeme, vilevile. Kuvutwa mgongo kwa vyuma, vilevile. Na huo mshipi. Walichokipa nafasi ni mazoezi na mgonjwa kuelezwa hali yake. Kukandwa wamekubali, msije mkasema nawanyima kila kitu.

Kuna mama mmoja muuza nazi, Kongowea. Alikuja na bahasha kubwa ya picha ya MRI ameibana kwapani. "Diski zangu zimekwisha," yaani vile vipande laini vilivyo kati ya pingili za mgongo. Nani amemwambia? Karatasi. Sasa sikizeni. Mwaka 2015 zilichapishwa hesabu za picha za watu wasioumwa na chochote. Wa miaka 20, asilimia 37 diski zao zilikuwa zimechakaa. Wa miaka 80, asilimia 96. Na hawaumwi! Ile karatasi ilikuwa imemweleza umri wake tu, naye akaisoma kama hukumu. Hakai tena kwenye mbuzi kukuna nazi, hafui, kanga ikianguka aita mjukuu aiokote.

Basi nikaweka mito miwili juu ya kiti nikamwambia, "Keti. Inuka bila kushika." Akanitazama kama nimemtukana. Akainuka, magoti yakitetemeka, mkono ukitafuta ukuta. Tena. Tena. Tulipoona mito miwili haimsumbui, tukatoa mmoja. Kisha kiti kitupu. Kisha kigoda kifupi. Mwisho nikamwambia alete mbuzi yake mwenyewe, akakaa, akainama. Nilipomuuliza kiuno vipi, akajibu, "Chauma, lakini nakuna." Hapo mie nimeridhika. Mashine gani ingemfikisha hapo?

Najua mtu wa nyuma pale aniwazia: maumivu si onyo? Ukianguka leo kwenye ngazi, ni onyo, sawa. Lakini miezi ikipita, mishipa ya fahamu huwa myepesi mno kupiga kelele, hata pasipo jeraha jipya. Kuuma kidogo ukiinama si dalili kwamba kuna kitu kimekatika. Na wewe hamali utaniambia wabeba magunia kutwa, mazoezi ya nini tena? Gunia halikuulizi leo waweza kilo ngapi. Mazoezi hupimwa, huongezwa polepole, na hupumzishwa.

Zoezi gani bora? Hakuna lililowashinda wenzake waziwazi. Chagua utakaloendelea nalo. Kutembea ni bure: Australia, matokeo yaliyotoka 2024 kwa watu 701 ambao kiuno kilikuwa kimeshapoa, waliopangiwa kutembea na kufundishwa na mtaalamu walikaa siku 208 hivi kabla ya kuumwa tena, wenzao, 112. Ufuko wa Mama Ngina hapa Mombasa upo, upepo upo, teremkeni.

Nilitaka kusema juu ya usingizi na wasiwasi, ila naona mwenyekiti ashatazama saa. Haraka basi: ukishindwa kukojoa, ukifa ganzi sehemu za siri, au mguu ukilegea ghafla, nenda hospitali usiku huohuo. Homa, kukonda bila sababu au saratani ya zamani, upimwe mapema. Kifua kikuu nacho huingia mgongoni.

Na godoro, nilijua tu mtauliza. Uhispania, 2003, watu 313: la ugumu wa wastani lilishinda lile gumu. Kwa hiyo ubao mliouweka chini ya godoro, utoeni. Mwengine nani ana swali, lakini si la mshipi?