Vidonge Vinane Baada ya Uji

Shikamooni wazee wangu, na wenzangu hamjambo. Wengi wetu wagonjwa wa utumbo humu tukifika mahali pageni tunatafuta mlango wa choo kabla hata ya kumjua mwenyeji, kwa hiyo atakayetaka kutoka nikiwa naongea atoke tu, hakuna wa kumshangaa.

Mimi si daktari. Ni mwalimu wa hesabu, na huu ni mwaka wa sita naishi na vidonda vya utumbo mpana, hiyo kolaitisi. Miezi ya mwanzo nilitibiwa amiba, mara tatu. Simlaumu mtu: huku kwetu mtu akiharisha damu, amiba ndiyo hushukiwa kwanza, na mara nyingi huwa ndiyo. Ni mpaka nilipopimwa kwa kamera ndipo ukuta wa utumbo ulipoonekana umechubuka, ukiguswa kidogo tu unavuja damu.

Nikaandikiwa prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, miligramu 40 kwa siku. Nilizopata ni za miligramu 5, yaani vidonge vinane kila siku, vidogo, vyeupe, na ukichelewa kumeza uchungu wake unaujua mwenyewe. Niliambiwa nivimeze asubuhi baada ya kula, maana mwili wenyewe hutoa homoni yake ya kotisoli kwa wingi alfajiri, na ukivimeza jioni huna usingizi. Mimi nilimeza asubuhi na usingizi nikaukosa vilevile. Mume wangu alinikuta saa tisa usiku nasugua masufuria ambayo hayakuwa machafu. Lakini siku ya nne damu ilipungua, na siku ya kumi nilipanda daladala mpaka kazini bila kushuka njiani hata mara moja. Anayejua raha ya jambo hilo yumo humu ndani.

Kwa hiyo sijaja kuzisema vibaya dawa hizi. Mwaka 1955 madaktari wawili wa Oxford, Truelove na Witts, walichapisha jaribio la wagonjwa 210: wengine walipewa kotisoni, steroidi pia, wengine vidonge visivyo na dawa ndani. Baada ya wiki sita, waliotulia kabisa kwa kotisoni walikuwa asilimia 41. Upande wa pili asilimia 16. Tatizo ni kwamba steroidi huzima moto, hazilindi nyumba. Kuuzuia ugonjwa usirudi ni kazi ya dawa nyingine, kama mesalazini au azathioprini.

Kabla hujaanza, ukiulizwa kama uliwahi kuugua kifua kikuu, au ukipimwa minyoo, usione unapotezewa muda. Yupo mnyoo anaitwa strongiloidesi, anaingia kwenye ngozi ya mguu ukikanyaga udongo pekupeku, na anaweza kukaa mwilini miaka mingi bila wewe kujua. Kinga ikishushwa na steroidi, huzaliana na kusambaa hadi kuua. Sasa nani humu hakukua pekupeku? Na sukari, na presha, zipimwe pia, maana dawa hizi huzipandisha.

Nije kwenye kosa langu, ndilo hasa lililonileta.

Wiki ya tano uso wangu ulikuwa umeumuka kama andazi. Mtaani nasifiwa: "Mwalimu, umenawiri!" Kuna watu hununua dawa za jamii hii kwa makusudi ili wanenepe, na hao wananitia hofu kuliko sisi wagonjwa, kwa sababu hawana anayewahesabia vidonge. Mimi nilikuwa na harusi ya mdogo wangu, sikutaka kuonekana hivyo kwenye picha. Choo kilikuwa kizuri, damu hakuna. Nikaacha vyote, siku moja, Jumatano.

Ijumaa nikisimama naona giza. Jumamosi natapika, mwili umelegea, hata kanga naishindwa kuifunga. Hospitali wakakuta presha imeshuka vibaya. Harusi niliisikia kwenye simu.

Daktari akanieleza hivi. Juu ya kila figo kuna tezi, adrenali, ndiyo inayotengeneza kotisoli. Ukiajiri mlinzi wa pili, wa kwanza anasinzia. Tezi zikiona vidonge vinakuja kila asubuhi, wiki baada ya wiki, nazo zinalala. Ukimfukuza yule wa pili ghafla, lango linabaki wazi, maana wa kwanza haamki siku hiyohiyo. Huweza kuchukua wiki, hata miezi. Ndiyo maana tunashuka ngazi kwa ngazi: mimi niliandikiwa kupunguza kidonge kimoja kila wiki, na mwishoni polepole zaidi. Wako atakupangia daktari wako. Na ukipata homa kali au ukienda kupasuliwa, waambie mapema kwamba unatumia steroidi, hata kama umemaliza juzijuzi.

Mwaka huu ugonjwa umechachamaa tena. Safari hii nimebandika kalenda ndani ya mlango wa kabati, kila wiki nimeiandika idadi yake, nane, saba, sita, na binti yangu wa darasa la tatu ndiye anayeweka tiki. Akikuta sijameza, ananiita kwa jina la shuleni. Leo tuko kwenye kimoja na nusu.

Mama wa kanga ya kijani, nimekuona tangu mapema. Uliza.