Chora Ngao ya Mji Wako: Mawe Matatu ya Jinja

Tumeanza? Inarekodi? Haya.

Ndugu zangu, habari za huko mliko. Karibuni kwenye karakana yangu hapa Jinja, Uganda, ninapochorea mabango. Leo hatuchori bango la saluni wala la duka la dawa. Leo tunachora ngao ya mji, ile alama inayotundikwa juu ya mlango wa ofisi ya meya na kugongwa kwenye muhuri. Kazi hii naipenda kuliko zote. Tangu tarehe 1 Julai 2020, Jinja, Mbarara, Gulu, Arua, Mbale, Masaka na Fort Portal zilipopandishwa kuwa majiji, vijana wananijia na daftari wakiniambia, "Fundi, tuchoree nembo ya kwetu." Basi leo mtajichorea wenyewe.

Jambo moja kabla ya brashi. Hii tunayochora ni ya mazoezi, si nembo rasmi ya Jinja. Na nembo ya taifa usiiweke kwenye duka lako wala kwenye fulana za kuuza bila ruhusa, inalindwa na sheria. Ya mazoezi, ya shule, ya timu ya mtaa, hiyo chora kwa raha zako.

Vifaa: plaiwudi ya milimita 12, msasa, rangi ya mafuta nyeusi, njano, bluu na nyeupe, brashi nene na nyembamba, tepu ya karatasi, karatasi ya manila, penseli, chaki. Kukata sitawaonyesha, mnajua: juu bapa, chini inachongoka. Asiye na msumeno, mbao za ngao zilizokatwa tayari nauza hapa hapa. Piga msasa, paka rangi nyeupe ya kwanza, lala. Hii yangu niliipaka jana.

Sasa tulieni. Weka simu chini, acha chai. Hapa ndipo watu wanapoharibu.

Inua ubao. Usiuweke ukutani, ushike kifuani kama askari wa zamani anayeenda vitani. Mdogo wangu, rudi nyuma na kamera wanione mzima. Mnaona? Mkono wangu wa kuume uko huku. Kwenu nyinyi mnaotazama, huko ni kushoto. Kwenye ngao, kuume ni kuume kwa aliyeishika, si kwa anayeitazama. Nachukua chaki, naandika K kwenye ukingo wa ubao, upande wa mkono wangu wa kuume. K ya kuume. Usiifute mpaka kazi iishe. Narudia, usiifute.

Kwa nini? Kwa sababu ngao hizi zilianza kama ngao kweli. Huko Ulaya, kwenye karne ya 12, wapiganaji wa farasi walivaa kofia za chuma zilizoficha uso. Huyu ni wetu au ni adui? Hujui. Wakachora alama kwenye ngao ili watambulike kwa mbali. Baadaye alama zile zikaingia kwenye mihuri, na miji nayo, iliyokuwa na mihuri yake, ikataka ngao zake. Paris ina jahazi, kwa sababu muhuri wa wafanyabiashara wa mto wake ulikuwa na jahazi. Ila hata ngao ikitundikwa ukutani miaka mia tano, bado inahesabiwa kana kwamba kuna mtu nyuma yake ameishika.

Nawaeleza kwa nini nasisitiza. Miaka kadhaa iliyopita ofisi moja ilinipa kazi ya kuchora nembo ya taifa kwenye ubao mkubwa. Nembo yetu ina ngao na mikuki miwili, na pembeni wamesimama wawili: swala yule wa Uganda tunayemwita kobu, na korongo mwenye taji. Kobu anakaa kuume kwa ngao. Mimi nikasikia "kuume", nikamweka kuume kwangu mimi mchoraji. Rangi ikakauka, ubao ukapanda. Akaja mzee mmoja mstaafu wa jeshi, akasimama chini yake, akatazama weee, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hawa wamehama lini?" Nikashusha ubao jioni ile ile. Siku mbili za kazi, bila malipo. Tangu hapo naandika K.

Haya, hatua inayofuata, na bado hatuchori. Chukua daftari, andika ngao yako kwa maneno. Watunza nembo wa Uingereza, ambao ofisi yao iko London tangu 1484, hufanya hivyo hivyo: nembo yenyewe ni maneno. Mchoraji huyu atachora simba mnene, yule atachora simba mwembamba, na zote ni sahihi alimradi zinafuata maneno. Ukiona maneno yako yanajaza ukurasa, umeweka vitu vingi mno.

Kijana mmoja aliniletea karatasi ya Jinja yenye bwawa, daraja, mtumbwi, samaki, miwa, kiwanda na kitabu. Nikamwambia, baba, hiyo ni orodha ya soko. Kila kitu ni kweli, lakini ukisimama mita ishirini huoni kitu.

Mimi napenda ngao inayotamka jina la mji. Oxford, kule Uingereza, jina lake maana yake ni kivuko cha ng'ombe, na ngao yake ni ng'ombe dume anavuka maji. Umemaliza. Bern ya Uswisi ina dubu, Berlin ina dubu. Na sisi tunao utajiri huo. Kampala ni nini? Kilima cha empala, yaani swalapala. Ukichora swalapala juu ya kilima umeshasema Kampala hata kwa mtoto asiyejua kusoma. Wala jambo hili halikuletwa na Wazungu. Baganda kila ukoo una muziro wake, yaani mnyama wake wa mwiko: simba, chui, kiboko, kambaremamba, hata korongo mwenyewe. Mtu wa ukoo wa kambaremamba hamli kambaremamba, na akikutana na mwenzake safarini wanajuana ni ndugu. Huo ndio utambulisho wa ngao, ila wenzetu waliuchora ubaoni na sisi tuliubeba mdomoni.

Jinja, basi. Jina linatokana na mawe, yale majabali ya mtoni. Nile inapotoka Ziwa Victoria ilikuwa inapita juu ya maporomoko ambayo msafiri Mwingereza John Speke aliyafikia mwaka 1862 akayaita Ripon. Leo huyaoni. Bwawa la Owen Falls, tunaloliita Nalubaale sasa, lilifunguliwa 1954 na maji yakayafunika. Nikikaa pale kwenye chanzo natazama maji yanavyozunguka, nawaza mawe yaliyo chini. Mji umebeba jina la kitu kilichozama! Ndiyo maana nataka mawe yapande juu kwenye ngao.

Mangapi? Matatu. Mafiga ni matatu, na bila mafiga chungu hakiinjikwi. Mtu akiona mawe matatu, hata asipoijua Jinja, atajua hapa kuna moto na kuna nyumba.

Maneno yetu ni haya: *Nyeusi, mawe matatu ya dhahabu; chini, mawimbi ya bluu na fedha.* Mstari mmoja. Safi.

Rangi. Dhahabu kwa brashi yetu ni njano, fedha ni nyeupe. Hizo mbili zinaitwa madini. Nyeusi, bluu, nyekundu, kijani, hizo ni rangi. Kanuni ya kale: madini hayakai juu ya madini, na rangi haikai juu ya rangi. Njano juu ya nyeupe, hapana. Bluu juu ya nyeusi, hapana. Watu wanadhani ni ushamba wa wazee. Hebu andika jina lako kwa njano kwenye ukuta mweupe, uvuke barabara, ulisome. Tazama nembo yetu ya taifa: ngao nyeusi, jua la dhahabu katikati, ngoma ya dhahabu chini, na juu mawimbi ya bluu na nyeupe. Waliofanya kazi ile mwaka 1962 walijua walichokuwa wanafanya. Yupo aliyevunja kanuni kwa makusudi, ufalme wa Jerusalem wa wapiganaji wa msalaba, misalaba ya dhahabu juu ya fedha, na ikawa maarufu kwa sababu hiyo hiyo. Wewe bado hujafika huko.

Tuchore. Piga mstari kwenye theluthi ya chini. Juu yake paka nyeusi yote. Brashi nene, mkono mmoja, usirudierudie. Naharakisha hapa, hakuna cha kuona.

Mawimbi. Nakata tepu iwe na... subiri. Subiri. Simu imeteleza? Mnaona dari tu? Pole jamani, boda ilipita na meza ikatikisika. Haya, imerudi. Nilikuwa nasema: tepu ikatwe kwa mkasi iwe na mawimbi, ibandike, kisha pitisha ukucha kwenye ukingo wote. Ukucha, si kidole. Usipobana, bluu itapita chini ya tepu. Michirizi mitatu ya bluu, nyeupe iliyobaki ni ile rangi ya kwanza. Bandua tepu rangi ikiwa bado mbichi, polepole, ukiivuta kuelekea kwako. Aaah, tazama hapo! Hapa pembeni imevuja kidogo. Mdogo wangu, sogeza kamera, waone, usiwafiche. Kitambaa, tone la tapentaini, futa, kisha nyeupe kwa brashi nyembamba ikishakauka.

Nyeusi ikikauka, mawe. Mawili juu, moja chini. Usiyapange mstari mmoja. Ngao inabana chini, kwa hiyo vitu vitatu hukaa mbili na moja, wazee wa nembo walifanya hivyo, na bahati nzuri mafiga nayo hukaa pembe tatu. Yachore makubwa. Kila mtu huyachora madogo kama mayai ya kware. Jiwe lijaze nafasi yake mpaka uone aibu, kisha ongeza kidogo. Usiweke kivuli wala nyufa, njano tupu yenye ukingo mmoja uliovunjika.

Juu ya ngao tuweke nini? Ureno huweka taji la ukuta, na minara yake inahesabiwa: mji mdogo minara minne ya fedha, jiji mitano, Lisbon peke yake mitano ya dhahabu. Ni utaratibu mzuri, lakini miji yao ilikuwa na kuta za mawe. Yetu haikuwa nazo. Mimi naacha wazi.

Pembeni naweka wasimamizi, wale wanyama wanaosimama kando ya ngao, na K inarudi! Nimechagua kiboko, mwenye mto, na mnandi, yule ndege mweusi anayekaa kwenye vigogo akikausha mabawa, mmemwona wote mkipanda mtumbwi. Kiboko ni mkubwa wa nyumba, kwa hiyo kuume. Kuume ni wapi? Kwenye K. Natazama K, naweka kiboko.

Sasa sikilizeni tena. Nimewakata kwenye manila ili nizungushe penseli. Manila ina pande mbili! Ukiigeuza, mnyama anageuka, na ukishageuza vipande viwili unabadilisha na nafasi bila kujua. Kwa hiyo kwenye kila kipande naandika neno MBELE, na K kwenye kile cha kiboko. Neno lisipoonekana, simama. Usiseme "nitarekebisha kwenye rangi". Simama, geuza, anza upya. Wote wawili waiangalie ngao, hakuna anayeipa mgongo.

Haya, tazama, nimemshika mnandi hivi, na neno MBELE halionekani. Mnaona jinsi inavyokuja kirahisi? Nageuza. Sasa linaonekana. Zungusha penseli.

Mwisho ni utepe wa maneno. Kenya waliweka Harambee, Tanzania wakaweka Uhuru na Umoja, Kiswahili kitupu, na kinatosha kwenye utepe mdogo. Sisi tumeandika kwa Kiingereza, kwa Mungu na nchi yangu. Kwenye hii ya mazoezi mimi naweka Kiswahili, maneno matatu: MAWE NA MAJI. Anza herufi ya katikati kisha toka pande zote mbili, la sivyo neno la mwisho litabanwa. Herufi nyeusi, utepe mweupe.

Umeme umekatika, lakini mwanga wa mlango unatosha. Iache kivulini siku mbili, si juani, njano itapasuka. Kisha vanishi, mkono mmoja mwembamba. Naipeleka mlangoni muione kwa umbali. Mdogo wangu, vuka barabara na kamera. Angalia boda. Umefika? Yahesabu mawe kutoka hapo uniambie.

Matatu? Basi. Sasa ndiyo naifuta K.