Namna ya Kupata Filamu Nzuri ya Zamani na Kumpendekezea Mwenzako

Karibu, mtazamaji. Leo tunatafuta filamu ya zamani inayokufaa, tunahakikisha nakala yake ni nzima, halafu tunampendekezea mtu mwingine. Shika kalamu, kuna majina ya kuandika.

Kwanza, weka pembeni orodha za filamu bora za wakati wote. Jarida la Sight and Sound la Uingereza huendesha kura yake mashuhuri kila baada ya miaka 10, tangu 1952. Mshindi wa 2022 ni Jeanne Dielman ya Chantal Akerman, filamu ya 1975 inayotumia zaidi ya saa 3 kumfuata mama mmoja akipika, akimenya viazi na kupanga nyumba. Inastahili heshima yake. Ila ukimpa mtu asiyezoea filamu za zamani aanze na hiyo, hatakuomba nyingine.

Anza na filamu unayoipenda tayari, kisha rudi nyuma. Tuchukue A Fistful of Dollars ya 1964, ambayo stelingi wake ni Clint Eastwood. Kisa chake Sergio Leone alikichukua kwenye Yojimbo ya Akira Kurosawa, ya 1961, bila ruhusa, na mambo yakaishia kwa mawakili. Tayari una filamu ya pili. Sasa tafuta taarifa za Yojimbo uandike majina matatu: mwongozaji, mwandishi wa mswada na mpigapicha. Wengi hufuata jina la mwongozaji tu na kuishia hapo. Tufuate la mpigapicha. Ni Kazuo Miyagawa, aliyepiga pia Rashomon ya 1950, ya Kurosawa huyohuyo, na Ugetsu ya 1953, ya Kenji Mizoguchi. Kwa jina moja umepata filamu mbili zaidi na mwongozaji mpya.

Hatua ya pili ni kukagua nakala, na hapa usiharakishe, kwa sababu filamu nyingi za zamani huchukiwa bure kumbe nakala ndiyo mbovu.

Angalia urefu. Metropolis ya Fritz Lang, ya 1927, ilikatwakatwa mara baada ya kuonyeshwa. Mwaka 2008 ikapatikana Buenos Aires nakala iliyo karibu kamili, na toleo lililokarabatiwa 2010 lina takriban saa 2 na nusu. Ukikuta la saa 1 na nusu, endelea kutafuta. Lakini usiogope tofauti ndogo: filamu hupigwa fremu 24, yaani picha moja moja 24, kwa sekunde, na nakala zilizotengenezwa kwa televisheni za fremu 25 huenda kasi kidogo, hivyo dakika 100 huwa 96. Hakuna kilichokatwa.

Angalia umbo la picha. Filamu za kabla ya 1953 karibu zote zina picha ya takriban 4 kwa 3, kwa hiyo mistari myeusi kushoto na kulia ni sahihi, iache. Ukiona nyuso zimenenepa, televisheni imevuta picha. Rekebisha kwenye mipangilio. Kwa filamu za picha pana, tazama watu wawili wakizungumza: ukiona pua ya mmoja tu pembeni, kingo zimekatwa.

Filamu bubu nyingi zilipigwa kwa fremu chache kuliko 24. Zikionyeshwa kwa 24, watu hutembea kama wamekanyaga siafu. Tafuta toleo lililorekebishwa kasi.

Maandishi ya tafsiri yajaribu mwanzoni, kisha ruka hadi dakika ya 60. Kama yanachelewa kwa kiasi kilekile, kwenye VLC, programu ya kuchezea video, ya kompyuta ya Windows bonyeza G. Yakiwahi, bonyeza H. Kama pengo linazidi kukua, maandishi yalitengenezwa kwa nakala ya kasi nyingine. Kubonyeza hakutasaidia, tafuta mengine.

Mwisho, zima ulainishaji wa mwendo kwenye televisheni, yaani ile hali ya televisheni kujiongezea picha za katikati ili mwendo uonekane laini. Kila kampuni huuita jina lake, lakini hukaa kwenye mipangilio ya picha. Ukiwashwa, kila filamu hufanana na tamthilia ya jioni.

Sasa kupendekeza. Usimuulize mwenzako anapenda filamu za aina gani, maana atakujibu "zozote". Muulize ni ipi ameitazama mara mbili. Kisha mpe moja, si kumi, na iwe chini ya dakika 100. Anayependa mabishano na mashaka, mpe 12 Angry Men ya 1957: dakika 96, karibu zote ndani ya chumba kimoja, wanaume 12 wakiamua kama kijana ana hatia. Asiye na muda, mpe La Noire de... ya Ousmane Sembène, ya 1966, ya saa moja hivi. His Girl Friday ya 1940 inachekesha sana, lakini waigizaji husema kwa kasi mno. Usimpe anayetegemea maandishi.

Mwambie mapema kama haina rangi, ni ya lugha gani, na sehemu ipi inakwenda polepole. Kama ina dhihaka za ubaguzi, kama zilivyo nyingi za enzi hizo, mwambie pia. Usimwambie kwamba ni muhimu kihistoria. Hilo humfanya mtu ajione anapewa kazi ya shule.

Baada ya siku chache, muulize alifika dakika ya ngapi. Akiwa aliishia kabla ya dakika ya 20, kabla hujabadilisha filamu mwambie akuonyeshe nakala aliyoitazama.